Tusi huku, rangi kule



Katika ukurasa huu makapita huandika juu ya usafi, kengele na saa ya kulala. Leo tunaandika juu ya patalo moja. Msicheke mbele ya kusoma mpaka mwisho, sababu sisi pia tulicheka, na ndiyo maana tunaandika.

Mwezi uliopita, siku ya jumamosi, kijana mmoja wa mwaka wa tatu alivaa patalo ya jini. Mama yake alimnunulia sokoni. Ilitoka katika balo ya nguo za Ulaya, na feza ya kuilipa ilikuwa ya mawese aliyouzisha. Ilikuwa patalo nzuri, ya nguvu, rangi ya bluu. Lakini nyuma, juu ya mfuko, kulikuwa kibandiko chenye herufi nne: MAVI. Tunaliandika neno hili wazi, sababu bila kuliandika hatuwezi kulieleza.

Mnajua vile ilivyokuwa. Mbele ya chakula cha mangaribi habari ilikuwa imefika kila chumba. "Mutu anabeba mavi nyuma!" Alipopita, watu walifunga pua. Kapita mmoja, aliyepaswa kunyamazisha wengine, alicheka kuliko wote. Siku ya pili yule kijana alichukua wembe, akakata kibandiko, akapasua na patalo yenyewe. Kisha akakosa masomo siku tatu. Tulipomwendea alituuliza neno moja tu: "Kama hili jina ni mbaya, juu ya nini walilishona?"

Hatukuwa na jibu. Tukaenda kutafuta, na tulichopata tunawapa hapa.

Mavi ni kampuni ya nguo za jini ya inchi ya Uturuki. Ilianza katika mji wa Istanbul mwaka 1991. Katika luga ya Kituruki, mavi maana yake ni rangi ya bluu. Nguo yao ni bluu, basi wakaiita Bluu. Hakuna tusi, hakuna mzaha. Tena mwaka 2010, tarehe 31 mwezi wa tano, meli ya Waturuki iliyokuwa njiani kwenda Gaza ilishambuliwa na askari wa Israeli, na watu 9 walikufa palepale. Jina la meli ile lilikuwa Mavi Marmara. Marmara ni bahari ya kwao. Kwa Mturuki jina hilo ni maji ya bluu, na tangu siku ile ni jina la msiba. Mtu mwenye kusikia Kiswahili tu angeweza kuanza kwa kucheka. Tulipofika hapo katika kutafuta kwetu, kicheko kilituishia.

Sasa juu ya nini mambo haya yanatokea? Tufanye hesabu kidogo. Kiswahili kina vokali 5. Tuchukue konsonanti 20 hivi. Silabi ya konsonanti moja na vokali moja: 20 mara 5 ni silabi 100. Neno la silabi mbili za namna hiyo, kama mavi: 100 mara 100 ni maneno 10 000, hayapiti hapo. Duniani kuna luga karibu 7 000. Kila moja ina sauti zake, ndiyo, lakini silabi kama ma, ka na si ziko karibu pote. Na kila luga inataka maneno mafupi kwa vitu vya kila siku: mama, maji, rangi, nyama, hata vitu vya chooni. Maneno hayo yatakosa kugongana namna gani? Yanagongana kila siku, na hakuna mwenye kosa.

Hata sisi tunawagonga wengine. Ukiita "kaka!" mbele ya Mfaransa, anasikia neno la kinyesi ambalo watoto wa kwao wanatumia. Neno letu siri, Mjapani akilitamka linakuwa shiri, na kwake shiri ni makalio. Mjapani naye ana jina la mnyama dubu, la silabi mbili, ambalo kwa Kijapani hata mtoto mdogo anaweza kulisema. Sisi hatutaliandika hapa, tusiitwe kwa Bwana Prefe.

Viwanda vikubwa vimepata shida hii pia. Mwaka 1984 Toyota ilitoa gari ndogo la mbio jina lake MR2. Walio hodari katika Kifaransa watamke herufi hizo mbili na hesabu yake mbiombio, watasikia wenyewe. Basi katika Ufaransa waliondoa hesabu ya 2, gari likaitwa MR tu. Gari la Pajero la Mitsubishi lilipewa jina la paka wa pori wa Amerika ya Kusini. Lakini pajero kwa Kispanyola ni tusi zito, na kwa wenye luga hiyo gari linaitwa Montero. Audi nao, mwaka 2018, walionyesha gari la umeme jina lake e-tron. Tafuteni étron katika kamusi ya Kifaransa. Wao hawakubadili kitu.

Mfano wa mwisho unatugusa sisi. Katika Iran kuna sabuni ya unga inayoitwa Barf. Wamarekani wanaicheka sana, sababu kwa Kiingereza chao cha mitaani neno hilo ni kutapika. Lakini kwa Kiajemi barf ni teluji, kitu cheupe na safi, jina zuri kwa sabuni. Na sisi je? Neno letu barafu lilitoka kwa neno hilohilo la Kiajemi. Basi mbele ya sabuni ile Mmarekani anacheka, lakini Mswahili anamtambua ndugu.

Tunafunga hivi. Sauti peke yake si tusi. Tusi linataka mtu mwenye nia ya kuumiza. Waturuki walioshona patalo ile hawakumtukana mtu. Tusi lilianza hapa kwetu, siku ile ya jumamosi, katika midomo yetu.

Tena si nguo tu. Kila mwanzo wa mwaka wanaingia wanafunzi wapya toka Lubutu, Kailo na Pangi, na kila mmoja anakuja na jina alilopewa katika luga ya kwao. Mwalimu anapoita majina, mara kuna jina ambalo kwa Kiswahili linachekesha, na kalasi yote inapasuka. Yule anayesimama kuitika anabeba jina la babu yake. Hawezi kulikata na wembe.

Tulimpelekea kijana wa mwaka wa tatu jibu lake. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema: "Kumbe nilikata bluu." Amerudi kalasini. Patalo imeshonwa, lakini alama ya wembe inaonekana.

Kapita aliyecheka kuliko wote ni sisi tunaoandika. Tumekwisha kuomba msamaha mbele ya kalasi yake. Yeyote kati yenu aliyefunga pua siku ile, chumba cha yule kijana mnakijua.

Ni sisi, kapita wa shule, mwaka wa sita.