Kuondoka mbalimbali, kurudi pamoja: tuisome tikiti kabla ya kulipa

Neno “pamoja” ni jepesi mno hata hapana mwalimu anayeona haja ya kulifafanua darasani. Hata hivyo, pana mahali ambapo neno hili lina maana finyu kuliko tunavyodhani, na anayelitumia bila kuijua maana hiyo huweza kupoteza nauli yote. Mahali penyewe ni katika ofisi ya wakala wa usafiri wa ndege.

Nalizungumzia jambo hili hapa kwa kuwa linawagusa walimu na wanafunzi kwa namna ya pekee. Tuchukue mfano wa mke na mume. Mke amepata udhamini wa kufanya utafiti nchini Uingereza, na masomo huko huanza Septemba. Mume ni mwalimu wa shule ya upili, naye hawezi kuondoka Nairobi mpaka watahiniwa wake wa KCSE wamalize mtihani Novemba. Wote wawili wanataka kurejea nyumbani kwa ndege moja kabla ya shule kufunguliwa Januari. Mfadhili analipa nauli ya mke peke yake, mume atajitegemea. Je, tikiti zao zikatwe vipi?

Yafaa kwanza tuelewe jinsi tarakilishi za mashirika ya ndege zinavyomtambua abiria. Kila anayewekewa nafasi hufunguliwa rekodi yenye nambari ya kumbukumbu, ambayo ni mseto wa herufi na tarakimu sita. Watu kadhaa wanaweza kuandikwa katika rekodi moja, ila kwa sharti kwamba safari yao ni ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo maana ya “pamoja” katika lugha ya rekodi hiyo. Mke akitangulia Septemba na mume akafuata Novemba, watakuwa na rekodi mbili, na kwa macho ya tarakilishi hao ni watu wawili wasiojuana, hata kama wakati wa kurudi wataketi bega kwa bega.

Wala majina hayatawasaidia. Wanawake wengi nchini mwetu hubaki na jina la baba baada ya kuolewa, na hilo ni haki yao. Isitoshe, tikiti huandikwa kwa herufi A hadi Z pasi na ritifaa. Ng’ang’a huandikwa NGANGA, na ile tofauti ya ng’ na ng tunayoisisitizia wanafunzi kila siku hutoweka. Shirika la ndege halijali sauti wala ndoa. Linachotaka ni kwamba herufi za tikiti zilingane na za pasipoti.

Ziko njia tatu ambazo wasafiri wa namna hii huzifuata. Ya kwanza ni mtego. Wawili hununua tikiti za kwenda na kurudi katika rekodi moja, wakitarajia kuondoka siku moja. Kisha kazi ikamzuia mmoja wao. Huyo aliyezuiwa huamua kuiacha safari ya kwenda ipite, ajinunulie nyingine baadaye, akiamini kwamba sehemu ya kurudi ingali inamngojea. Haimngojei. Masharti ya mashirika mengi makubwa husema kwamba tikiti sharti itumiwe kwa mfuatano wake. Enzi za tikiti za karatasi, sehemu hizo zilikuwa vipande vilivyochanwa kimoja kimoja uwanjani. IATA, chama cha mashirika ya ndege kilichoundwa mjini Havana mwaka 1945, kiliacha kutoa tikiti za karatasi mwaka 2008, lakini kanuni ya mfuatano haikuzikwa pamoja na karatasi hizo. Asiyetokea katika safari ya kwanza hufutiwa zilizosalia. Aliyezuiwa anapaswa kumwarifu wakala kabla ya siku ya kuondoka, rekodi igawanywe, na tarehe yake ibadilishwe. Mara nyingi atatozwa ada na tofauti ya nauli, lakini ni heri hasara hiyo kuliko kuipoteza tikiti nzima.

Njia ya pili ni kununua tikiti ya kwenda tu kwa kila mmoja, kisha tikiti za kurudi katika rekodi moja. Hapa wenzi huwa pamoja kwa maana ya mioyo yao na kwa maana ya tarakilishi pia. Katika safari za ndani, kama vile Nairobi hadi Mombasa au Kisumu, ambako kwa kawaida kila upande wa safari hulipiwa peke yake, njia hii haina hasara. Mambo hubadilika tunapovuka mabara. Mashirika makubwa mara nyingi huuza tikiti ya kwenda tu kwa bei inayozidi nusu ya ile ya kwenda na kurudi. Aidha, afisa wa viza au wa uhamiaji anaweza kumtaka mgeni aonyeshe jinsi atakavyoondoka nchini humo, na asiye na tikiti ya kurudi hujikuta akijieleza kwa jasho.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza kwa safari za mbali: kila mmoja awe na tikiti yake ya kwenda na kurudi, na tikiti hizo mbili zikutane katika ndege moja ya kurudi. Lakini kukutana huko hakuji kwenyewe. Viti vya ndege huuzwa kwa madaraja ya nauli, na vile vya bei nafuu huisha mapema. Mke akikata yake Julai na mume akangoja hadi Oktoba, huenda akakuta vilivyobaki katika ndege ile ni vya bei ya juu, au hakuna kabisa. Kwa hiyo rekodi zote mbili zifunguliwe siku moja, kwa wakala mmoja, baada ya kuhakikisha kwamba ndege ya kurudi ina nafasi mbili. Nambari ya ndege nayo iwe moja, kwa sababu ndege moja huweza kuuzwa na mashirika mawili kwa nambari tofauti, na panapotokea matatizo kila shirika huwashughulikia wateja wake. Mwisho, wakala aombwe kuandika katika kila rekodi kwamba abiria huyu anasafiri na yule, na kutaja nambari ya kumbukumbu ya mwenziwe.

Maandishi hayo si anasa. Mhadhiri mwenzangu na mkewe walikuwa warudi kwa ndege moja, naye mke akiwa na mtoto mchanga, ambaye kwa kawaida huandikwa katika rekodi ya mzazi mmoja tu. Safari ikafutwa. Tarakilishi ikampangia mume ndege ya jioni ile, mke na mtoto ya kesho yake. Haikuwa na nia mbaya, haikuwa imeambiwa. Maandishi katika rekodi hayalilazimishi shirika kufanya lolote, lakini humpa mhudumu wa kaunta sababu ya kuwatazama wawili kama safari moja.

Yapo mawili ninayoyaomba. La kwanza nawaelekezea wanaofadhili masomo na ofisi za vyuo zinazonunua tikiti. Mwulizeni msafiri kabla ya kumchagulia tarehe ya kurudi. Tikiti iliyonunuliwa na ofisi mara nyingi haibadilishwi ila kupitia kwa wakala wa ofisi hiyo, na mwenzi anayejilipia hulazimika kuikimbiza tarehe ambayo hakuna aliyeshauriwa juu yake. Swali moja kabla ya malipo halimgharimu mfadhili hata shilingi.

La pili nawaelekezea walimu wenzangu wa Kiswahili. Katika insha za kiuamilifu tunawafunza wanafunzi kuandika barua, ratiba na kumbukumbu za mikutano. Ni vyema. Lakini ni mara ngapi tunawapa masharti ya tikiti wayasome kama ufahamu? Tikiti ni mkataba. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi; basi na tukitumie kueleza tofauti ya tikiti inayobadilishika na isiyobadilishika, na ya nauli inayorudishwa na isiyorudishwa. Mwanafunzi anayeweza kuchambua shairi gumu lakini asiweze kueleza atapoteza nini asipotokea uwanjani, elimu yake ina pengo.

Mke na mume wanaweza kuondoka kwa miezi tofauti na wakarudi siku moja bila kupoteza senti. Kinachotakiwa ni wamwambie wakala wanachokusudia kwa neno “pamoja”, na wasilipe mpaka waone yameandikwa.