Tusikipuuze kilio cha chura

Wahenga walinena kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Sina nia ya kuwapinga wahenga. Nataka tu kuuliza swali ambalo wao hawakuwa na haja ya kuliuliza: je, maji hayo anayokunywa ng'ombe, na ambayo nasi tunayateka, yana nini ndani yake? Ndugu msomaji, huenda jibu analo chura yule yule tunayempuuza.

Kila mwanafunzi wa baiolojia hufundishwa kwamba homoni ni mjumbe. Hutoka katika tezi, husafiri ndani ya damu na kuufikisha ujumbe kwenye seli zenye vipokezi vya kuutambua. Homoni ni ufunguo, kipokezi ni kufuli. Kufuli likifunguka, kiluwiluwi huota miguu, korodani hukomaa, ovari hutunga mayai. Jambo tusilolisisitiza darasani ni kwamba makufuli haya hayana macho. Yakipata ufunguo bandia, hufunguka vile vile. Zipo kemikali za viwandani na za mashambani zinazojifanya funguo. Nyingine huziba tundu la kufuli, na nyingine huuchochea mwili ufue funguo kupita kiasi.

Mtu asidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Katika msitu wa Arabuko Sokoke, huko pwani yetu, yuko chura mdogo wa matete aitwaye Hyperolius argus. Wachanga wote huwa kijani, ila jike akikomaa estrojeni humbadilisha rangi. Mwaka 1999, Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwenzake walichapisha utafiti wa jinsi homoni za uzazi zinavyoongoza jinsia na rangi ya vyura wa msitu huo.

Hayes huyo ndiye aliyezusha mjadala mkali kuhusu atrazini, dawa ya kuua magugu iliyotumika kwa miaka mingi katika mashamba ya mahindi na miwa. Mwaka 2010, yeye na wenzake walieleza walivyowalea vyura 40 wa kusini mwa Afrika, wote madume kwa kromosomu zao, ndani ya maji yenye atrazini sehemu 2.5 katika kila sehemu bilioni. Hiyo ni kama gramu moja katika lita 400,000 za maji. Asilimia 10 ya madume hayo waligeuka majike. Baadhi yao walipandwa, wakataga, na watoto wao wote wakawa madume, kwa kuwa hapakuwa na kromosomu ya kike ya kurithi. Maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba dawa hiyo huchochea kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa estrojeni.

Haki inatudai tuseme pia kwamba watafiti wengine hawakuyaona matokeo hayo, na kwamba baadhi ya uchunguzi huo uligharimiwa na watengenezaji wa dawa. Mjadala ungalipo. Lakini Umoja wa Ulaya haukuusubiri uishe: mwaka 2004 ulikataa kuiidhinisha atrazini kwa sababu ilikuwa ikipenya hadi kwenye maji ya chini ya ardhi.

Kuna atakayesema, "Mimi si chura." Kweli. Lakini katika miaka ya 1930, huko Afrika Kusini, iligunduliwa kwamba chura jike akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito hutaga mayai. Kwa miaka mingi hospitali zilitumia chura huyo kupimia mimba. Ikiwa ufunguo wa binadamu hufungua kufuli la chura, tuna haki gani ya kudhani kwamba kinacholichezea kufuli lake hakiwezi kulichezea letu?

Simwambii mkulima aache kupalilia, maana njaa nayo ni sumu. Namwomba asioshee bomba la dawa mtoni, aache ukanda wa nyasi kati ya shamba na kijito, na asome maandishi ya kibandiko kabla ya kufungua chupa. Tumezoea kupima sumu kwa maiti: asipokufa mtu, twasema dawa ni salama. Chura wa Hayes hakufa. Aliishi, akala, akanenepa. Kilichopotea ni udume wake.

Nanyi walimu wenzangu, tusiridhike na mwanafunzi aliyekariri maana ya homoni ili apite mtihani. Mpelekeni kwenye kijito kilicho karibu na shule msimu wa mvua, awahesabu viluwiluwi, aandike, na mwakani ahesabu tena. Daftari hilo laweza kutuonya mapema kuliko daktari. Ng'ombe hasomi, naye hana lawama akinywa bila kuuliza. Sisi tumesoma.