Nilifunga chuma cha kuvutia tela kwenye RAV4 used, mara mbili

Leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja wa "mwisho bei gani". Naongelea kusafirisha mzigo, maana kiukweli wengi wetu faida inaishia barabarani.

Mimi nauza fanicha za mtumba. Makochi, meza za kulia, vitanda, makabati. Napiga picha nyumbani Tabata, naposti, mteja analipia, napeleka. Mwaka mzima nilikuwa nakodi kirikuu, na kwa wastani safari moja ilikuwa inanila 45,000. Wiki yenye oda nne unatoa 180,000, na hapo dereva amechelewa masaa mawili na mteja anakutumia alama za kuuliza kwenye WhatsApp.

Gari ninalo. RAV4 ya 2007, ya Japani, ile yenye tairi la akiba mlangoni, niliinunua mkononi kwa mtu. Nikajisemea, kwa nini nisitengeneze tela dogo, nikafunga chuma cha kuvutia nyuma, mzigo nikaupeleka mwenyewe? Fundi wangu wa kwanza kile chuma alikitamka "toba". Na kweli nilikuja kutubu.

Yule fundi ni wa kuchomelea mageti na madirisha, kazi yake nzuri tu. Aliniambia, "Dada, hii kazi ya nusu siku." Akakata bomba nene la pembe nne, akalichomelea kwenye kile chuma cha ndani ya bampa na kidogo kwenye bati la sakafu ya buti, akaweka kichwa cha duara mbele yake. 180,000. Nikalipa huku nacheka, nikapiga picha nikaweka status.

Safari ya tano napeleka seti ya makochi Goba. Zile barabara mnazijua, kilima juu ya kilima. Nilipopita tuta nikasikia mlio kama mtu kavunja ubao, halafu gari likawa jepesi ghafla. Kwenye kioo naona tela linakwenda kivyake upande wa kulia, pua yake inasugua lami inatoa cheche. Mnyororo wa usalama ulikuwepo jamani, ila alikuwa ameufunga kwenye chuma kilekile, kwa hiyo kilipong'oka viliondoka vyote pamoja. Bodaboda alikuwa anapanda, amembeba mama na mtoto. Alikwepa. Tela likaingia mtaroni.

Nilikaa chini pembeni ya barabara mpaka miguu ikaacha kutetemeka. Yule mama hata hakunigombeza, aliniangalia tu akamfunika mtoto kanga wakaondoka. Nilimrudishia mteja hela yake yote, na kunyoosha bati la nyuma ya gari kukanigharimu 310,000 nyingine. Hela ilinirudi, ila sura ya yule mama naiona mpaka leo.

Sasa tuje kwenye nilichokuja kujifunza.

RAV4 na wenzake wengi wa aina hiyo hawana chesi. Prado ina chesi kweli, vyuma viwili virefu vinapita chini na mwili umekaa juu yake. RAV4 mwili na chesi ni kitu kimoja, ni bati lililokunjwa na kuunganishwa. Nguvu yake iko sehemu maalum, na chuma cha ndani ya bampa si mojawapo. Kile kimewekwa kupokea kipigo cha nyuma ukigongwa, hakijawekwa kuvutwa kila siku. Halafu ukichomelea pale unaunguza rangi ya kuzuia kutu kwa ndani usikokuona. Na kama fundi hajachomoa betri, anaweza kukuulia kontrol boksi ya gari.

Cha ajabu, kiwanda kilikuwa kimeshaacha nafasi. Chini ya buti, kushoto na kulia, kuna mihimili miwili iliyokunjwa kama boksi, na ndani yake kuna nati zilizochomelewa tangu kiwandani. Matundu yake yamezibwa, gari linaishi miaka yote mwenyewe hajui. Chuma cha kiwandani kinafungwa pale kwa bolti, pande zote mbili, ili mvuto ugawanyike kwenye mihimili yote. Hakuna kuchomelea, hakuna kutoboa.

Nilimpata mzee mmoja Ilala anayeshughulika na spea used. Nilipomweleza, kitu cha kwanza alichosema: "Usinunue kitu leo mwanangu. Lete gari kwanza." Alishusha bampa, akatoa vizibo, akahesabu matundu, akapima kwa futi. Ndipo akanitafutia chuma kilichotolewa kwenye RAV4 ya Uingereza yenye umbo hilohilo. 380,000. Kina kibati chenye maandishi. Ukiona kibati hicho tafuta herufi S, hiyo ndiyo kilo ambazo pua ya tela inaruhusiwa kukandamiza chini. Herufi D ni kipimo cha nguvu ya mvuto kwa pamoja, gari na tela. Chuma kisicho na kibati wala nembo, mimi sikigusi tena hata kama ni bei ya chee.

Kazi ilichukua karibu siku nzima. Nyuzi za zile nati zilikuwa na kutu na uchafu, akazisafisha kwa brashi ya waya na mafuta kabla ya kuingiza bolti. Hapo usikubali mtu akulazimishie bolti kwa spana ndefu, ukikata nati iliyo ndani ya mhimili umeingia kazi nyingine kabisa. Bomba la moshi walilishusha kidogo kupata nafasi. Mnyororo wa usalama una matundu yake kwenye chuma, na unapishanishwa chini ya pua ya tela kama herufi X, ili pua ikichomoka idakwe isiguse lami. Baada ya safari ya kwanza nilirudi akazikaza bolti upya. Kufunga 70,000.

Umeme ndio watu wanaudharau. Fundi wa kwanza alikuwa amechubua waya za taa za gari akaunga za tela humo humo. Balbu za tela zinaongeza mzigo kwenye waya ambazo hazikupimiwa mzigo huo, na siku balbu ikipiga shoti inakwenda na taa zako za breki. Fundi umeme wa safari hii aliweka rilei, taa za tela zikachukua moto wake moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi yake, waya za gari zinatoa ishara tu. Plagi ni ya pini 7 ya mduara. Namba 1 ni indiketa ya kushoto, 2 taa ya ukungu, 3 ni hasi, 4 indiketa ya kulia, 5 taa ndogo ya kulia, 6 breki, 7 taa ndogo ya kushoto. Iandikeni mahali, maana ukikodi tela la mtu taa zikacheza vibaya ni hapo pa kuanzia. Na mara nyingi ni namba 3 haijashika vizuri. 90,000.

Halafu kuna swali ambalo sikuwahi kumuuliza mtu yeyote mara ya kwanza. Gari lenyewe linavuta kilo ngapi?

Kitabu changu ni cha Kijapani, sikuambulia kitu. Ila RAV4 ya umbo hili iliuzwa pia Marekani, na kule yenye injini ya silinda 4 iliruhusiwa ratili 1,500, kama kilo 680, tela pamoja na mzigo. Yenye silinda 6 ikitoka na maandalizi ya kuvuta ya kiwandani iliruhusiwa ratili 3,500. Umeona tofauti? Haikuwa chuma tu, ni mpaka mambo ya kupooza injini. Na yangu ya Japani ina gia boksi ya mkanda, ile isiyo na gia za kuhesabu, wakati ya Marekani ilikuwa na otomatiki ya gia za kawaida. Gia boksi ya mkanda haipendi joto. Kwa hiyo nimejiwekea mwisho kilo 600, na nilibadilisha mafuta ya gia boksi kwa yale yake hasa na kuongeza kipoozeo kidogo mbele, vyote 250,000. Mlimani siharakishi, na sivuki 60.

Tela langu tupu ni kilo 260. Nimebaki na 340 za mzigo. Nilipeleka seti moja ya makochi na meza yake kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wakanipimia kwenye mzani wao, ikaja 165. Seti mbili zinakaa. Kabati la mninga na kitanda chake cha futi sita kwa sita, hapo nakodi kirikuu bila aibu. Tela langu halina breki zake, kila kilo inasukuma breki za gari. Ulaya tela likizidi kilo 750 lazima liwe na breki zake.

Mzigo pia unapangwa. Vizito vikae juu ya ekseli na mbele yake kidogo, ili pua ikandamize kama asilimia 10 ya uzito wote, mradi usizidi ile S ya kwenye kibati. Kwangu ni kama kilo 60, na napima kwa mzani wa kawaida wa kupimia watu, naweka ubao juu yake na pua ya tela juu ya ubao. Ukilundika nyuma, pua inanyanyuka na tela linaanza kucheza mkia barabarani. Likianza, usikanyage breki kwa nguvu. Achia mafuta, shika usukani umenyooka.

Usumbufu upo. Mlango wa nyuma wa RAV4 hii unafunguka kwa pembeni na tairi lake, tela likiwa limefungwa mguu wake wa mbele unauzuia. Kwa hiyo vitu vya buti naweka kabla. Na kile kichwa nakichomoa nikiwa sivuti, ugoko wangu unajua kwa nini. Tela nalo linasajiliwa TRA, lina kadi na namba yake, na bima niliwaambia mapema kwamba gari sasa linavuta.

Hesabu sasa. Chuma, kufunga, umeme na gia boksi ni 790,000. Tela 1,450,000. Jumla 2,240,000, mbali na zile 490,000 za kuchomelea na kunyoosha bati nilizozitupa. Kila safari naokoa kama 30,000 baada ya mafuta ya ziada, safari nne kwa wiki, zinarudi kwa wiki 19 hivi. Kama una oda moja kwa wiki, hesabu hiyo inakuwa karibu mwaka na nusu, baki na kirikuu chako.

Mwenye RAV4 ya umbo hili aniandikie kwenye komenti, nitamtumia picha ya yale matundu yalipo kabla hajashusha bampa. Wenye X-Trail, yenu sijaishusha, msinikadirie.