Burundi: Kura za Wengi na Hofu ya Wachache

Mwezi Juni 1993 majirani zetu wa Burundi walimchagua Rais kwa kura. Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kushika cheo hicho, alipata takriban kura 65 katika kila 100. Kwa kanuni ya wengi wape, shauri lilikuwa limekwisha. Lakini tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo askari walioasi walimwua. Watutsi wengi wakauawa vijijini kwa kisasi, jeshi nalo likawaua Wahutu. Vita vilivyofuata vilipita miaka kumi, na waliokufa wanakadiriwa kufika 300,000.

Raia walikuwa wamechagua, lakini bunduki zilikuwa mikononi mwa maofisa wa Kitutsi, yaani wa kabila la wachache. Wahutu hawakusahau 1972, jeshi hilo lilipoua ndugu zao kwa makumi ya maelfu. Watutsi nao waliona kwamba wakiiachia bunduki watashindwa katika kila kura, na ngao hawana. Hofu zote mbili zilikuwa na sababu. Anayezikejeli hakuishi Burundi.

Mazungumzo ya Arusha, yaliyoongozwa na Mwalimu Nyerere na, baada ya kifo chake mwaka 1999, na Nelson Mandela, yalizaa mkataba wa tarehe 28 Agosti 2000. Katiba ya 2005 ikaweka Bungeni mafungu 60 ya Wahutu na 40 ya Watutsi, Seneti nusu kwa nusu, na viti vitatu vya Watwa katika kila baraza.

Kwa ninyi mlio kambini na vituoni, uzito uko katika kifungu kingine: katika jeshi na polisi, kabila moja lisizidi nusu. Wapiganaji wa msituni walivishwa sare moja na wale waliokuwa wakiwasaka. Mgawo huo hauleti mapenzi, ila mpanga njama sharti awaamini watu wa upande wa pili, jambo ambalo wapinduzi wa 1966, 1976 na 1987 hawakulihitaji. Jaribio la mapinduzi la Mei 2015 lilishindwa, na maofisa wa makabila yote mawili walikuwapo pande zote mbili. Ugomvi wao ulihusu muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza.

Katiba ya 2018 iliyahifadhi mafungu hayo, lakini ikaipa Seneti miaka mitano kutathmini kama yaendelee au yakome. Na Seneti hiyo, kwa Katiba hiyo hiyo, ni nusu Wahutu na nusu Watutsi.