Swali la Ndege na Chura

Hapa Njiru, mvua ikinyesha, maji hutuama katika machimbo ya mawe na vyura hukesha wakiimba. Majuzi, ndege ilipopita juu ya shule yetu, mwanafunzi mmoja aliniuliza kama ndege yaweza kuishi kama chura, majini na nchi kavu. Wenzake waliangua kicheko. Nakiri kwamba nami nilikaribia kucheka.

Hata hivyo, jibu limo katika historia ya nchi hii. Mwaka 1933, Wamarekani wawili, Martin Johnson na mkewe Osa, walileta Afrika ndege mbili za Sikorsky. Kubwa, S-38, ilikuwa na injini mbili na ilipakwa milia ya pundamilia. Ndogo, S-39, ilikuwa na injini moja na ilipakwa madoa ya twiga. Hadi mwaka 1934 walizunguka nazo wakipiga picha za filamu, wakaruka juu ya Mlima Kenya na kutua katika Ziwa Turkana, lililoitwa Rudolf zama hizo.

Ziliwezaje? Kiwiliwili kiliundwa kama mashua. Mabawa na injini viliwekwa juu, mbali na maji yanayoruka. Vielea viwili chini ya mabawa viliizuia ndege isipinduke, nayo magurudumu yaliinuliwa kabla ya kutua majini. Kila kiungo kilijibu swali moja: utatua vipi pasipo na kiwanja?

Naam, elimu huanzia kwenye swali. Filamu yao ya mwaka 1935, Baboona, iliitazama Afrika kwa jicho la mgeni, na hilo tuna haki ya kulilalamikia. Lakini maarifa ya kuelea na kuruka hayana mgeni wala mwenyeji. Mbona basi twawakaririsha vijana kanuni ya Archimedes bila hata beseni la maji mbele yao?

Kesho yake nilibeba beseni. Yule mwanafunzi alikunja bati jembamba likawa mashua, akalitia mabawa, likaelea. Hakuna aliyecheka.

Walimu wenzangu, kuuliza si ujinga. Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu anayeuliza. Sijui ni maswali mangapi yamezimwa kwa kicheko darasani mwangu, na hilo lanikosesha usingizi kuliko vyura wa Njiru.