Mti Mmoja, Diski Nyingi: Kupachika Diski Katika Kompyuta ya Shule

Mkulima wa Ikuti, katika Wilaya ya Rungwe, anayetaka kuvuna parachichi aina ya Hass hapandi kokwe ya tunda hilo na kungoja. Mti uliotokana na kokwe aghalabu hauzai matunda yanayofanana na ya mti mama. Kwa hiyo huoteshwa kwanza mche wa parachichi la kienyeji. Kisha mche huo hukatwa kichwa, na hapo palipokatwa hufungwa kikonyo kilichotwaliwa katika mti wa Hass. Kazi hiyo huitwa kubebesha. Kikonyo kikishika, macho huona mti mmoja tu: mizizi ni ya mti huu, matawi ni ya mti ule, na maji hupanda kutoka chini hadi juu pasipo kizuizi.

Kompyuta zenye mfumo wa uendeshaji wa jamii ya Unix, kama vile Linux, hufanya kazi inayofanana na hiyo kila zinapowashwa. Hubebesha diski moja juu ya nyingine, na mtumiaji huona mti mmoja wa mafaili. Kitendo hicho huitwa kupachika, na folda ambamo diski ya pili huungwa huitwa pahali pa kupachikia. Jambo hili huonekana dogo. Lakini kwa shule inayoweka kazi za wanafunzi wake katika kompyuta, kulielewa au kutolielewa kwaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kuzikuta kazi hizo na kuzikosa.

MTI WA MAFAILI

Katika mfumo wa Windows, kila diski hupewa herufi yake: C, D, E na kuendelea. Mtumiaji hupaswa kukumbuka kitu chake kimo katika herufi ipi. Katika Unix hakuna herufi za namna hiyo. Upo mti mmoja ambao mwanzo wake huitwa mzizi, na mzizi huo huandikwa kwa alama moja ya mkwaju: /. Kutoka mzizini hutokeza matawi, yaani folda. Folda ya /home huwa na mafaili ya watumiaji, /etc huwa na mafaili ya mipangilio, na /usr huwa na sehemu kubwa ya programu.

Kila faili hutajwa kwa njia inayoanzia mzizini, kwa mfano /masomo/fizikia/kidato4.txt. Msomaji na aitazame njia hiyo kwa makini. Haisemi hata kidogo kwamba faili limo katika diski ya kwanza au ya pili. Husema tu mahali pake katika mti. Hapo ndipo ilipo nguvu ya utaratibu huu. Diski ya masomo ikijaa, shule yaweza kununua kubwa zaidi, kuyanakili mafaili yote, na kuipachika diski mpya pale pale ilipokuwa ya zamani. Njia haibadiliki, na mwanafunzi hahitaji kuambiwa lolote.

Hata hivyo, kupachika hutofautiana na kubebesha mche kwa mambo mawili. Kwanza, diski iliyopachikwa yaweza kuondolewa wakati wowote, na mti ukabaki mzima. Pili, hakuna kinachokatwa. Kama folda ilikuwa na mafaili kabla ya diski kupachikwa juu yake, mafaili hayo hayafutwi. Hufunikwa tu, kama ardhi iliyotandikwa mkeka. Diski ikiondolewa, huonekana tena. Tofauti hii ya pili ndiyo chanzo cha mikasa mingi.

CHIMBUKO LA UTARATIBU HUU

Mfumo wa Unix ulianza kuandikwa mwaka 1969 katika Maabara ya Bell nchini Marekani na Ken Thompson, akisaidiana na Dennis Ritchie na wenzao. Diski za siku hizo zilikuwa ghali na ndogo, na mara nyingi kompyuta moja ilihitaji zaidi ya diski moja. Mwaka 1974 Thompson na Ritchie walichapisha maelezo ya mfumo wao katika jarida la Communications of the ACM. Walieleza kwamba mzizi wa mti ulikaa katika diski moja, na kwamba diski kubwa yenye mafaili ya watumiaji iliungwa juu yake mara tu mashine ilipoanza kazi. Wao wenyewe waliufananisha ufundi huo na kuliondoa jani moja la mti na kuweka mahali pake mti mzima mdogo.

Mwaka huo huo wa 1974, Serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali maalumu, na zuio hilo lilidumu kwa miaka mingi. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland, alitoa mfumo wa Linux, ambao hufuata desturi za Unix na ambao mtu yeyote aweza kuutumia pasipo kuununua. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa programu huria za ofisini kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Kwa njia hiyo, maarifa yaliyoanzia katika maabara chache yamefika mahali ambapo hata shule ya kijijini yaweza kuyatumia.

FOLDA ILIYOONEKANA TUPU

Ichukuliwe kwa mfano shule ya sekondari iliyoko Ikuti, yenye kompyuta moja inayohifadhi kazi za madarasa yote. Ndani yake mna diski mbili: ndogo yenye mfumo wa uendeshaji, na kubwa yenye mitihani ya zamani, maelezo ya maabara na kazi za wanafunzi. Mwalimu mhusika ametengeneza folda iitwayo /masomo, kisha akaipachika diski kubwa kwa amri hii:

mount /dev/sdb1 /masomo

Kwa miezi kadhaa mambo huenda vizuri. Siku moja umeme hukatika, kisha hurudi, na kompyuta huwashwa upya. Amri iliyotolewa kwa mkono haidumu baada ya mashine kuzimwa. Kwa hiyo diski kubwa haipachikwi. Lakini folda ya /masomo ingalipo, maana yenyewe ni sehemu ya diski ndogo. Wanafunzi huifungua na kuikuta tupu. Hudhaniwa kwamba kazi zote zimepotea. Basi huanza upya, na kwa wiki tatu huandika ripoti zao za maabara katika folda ile ile.

Baada ya wiki hizo tatu, mtu mwenye ujuzi huipachika diski kubwa. Kazi za zamani hutokea zote, na furaha huwa kubwa. Lakini papo hapo zile ripoti za wiki tatu hutoweka. Ukweli ni kwamba hakuna kilichofutwa mara ya kwanza wala ya pili. Kazi za zamani zilikuwa katika diski isiyopachikwa. Ripoti mpya ziliandikwa katika diski ndogo, na sasa zimefunikwa na diski kubwa.

Ripoti hizo zaweza kupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuiondoa diski kubwa kwa amri umount /masomo na kutazama kilichomo chini yake. Ya pili haihitaji kuondoa kitu: amri mount --bind / /mnt huuonyesha mti wa diski ndogo peke yake mahali pengine, na ripoti zilizofunikwa huonekana katika /mnt/masomo.

Hatari ni kubwa zaidi pale folda inapotumika kwa nakala za akiba. Programu iliyoagizwa kunakili mafaili kila usiku hadi /akiba haiulizi kama diski ya akiba imepachikwa. Isipokuwapo, nakala huandikwa katika diski ya mfumo, mpaka pengine ijae. Shule hujiona ina akiba, kumbe asili na nakala zimo katika chombo kimoja. Siku chombo hicho kitakapoharibika, vyote viwili vitakwenda pamoja.

KUANDIKISHA DISKI

Dawa ya kwanza ni kuandikisha diski katika faili liitwalo /etc/fstab, ambalo kompyuta hulisoma kila inapowashwa. Kila diski hupewa mstari mmoja wenye sehemu sita. Huu ni mfano:

UUID=3f1c2a7e-58d4-4b0e-9a61-7c20d5e8b914 /masomo ext4 defaults,nofail 0 2

Sehemu ya kwanza hutambulisha diski. Yawezekana kuandika jina kama /dev/sdb1, lakini jina hilo hutolewa kwa kufuata mpangilio ambao kompyuta imezigundua diski zake. Flashi ikichomekwa kabla ya kuwasha, jina laweza kuhamia kwenye kifaa kingine. UUID ni namba ya utambulisho iliyoandikwa ndani ya mfumo wa mafaili wenyewe wakati ulipotengenezwa, na haibadiliki kwa kuhamisha waya. Namba hizo hupatikana kwa amri lsblk -f.

Sehemu ya pili ni pahali pa kupachikia. Folda hiyo sharti iwepo kwanza, nayo hutengenezwa kwa mkdir /masomo. Sehemu ya tatu hutaja aina ya mfumo wa mafaili: ext4 ni ya kawaida katika Linux, ilhali flashi nyingi hutumia vfat au exfat. Sehemu ya nne ni masharti. Neno defaults hukubali masharti ya kawaida. Ro huruhusu kusoma tu bila kuandika, sharti lifaalo kwa mkusanyo wa vitabu. Na nofail huiambia kompyuta iendelee kuwaka hata kama diski hiyo haipo. Neno hili la mwisho lina maana kubwa. Likikosekana, mifumo mingi ya Linux husubiri dakika moja na nusu, kisha husimama katika hali ya dharura, na shule nzima hukosa kompyuta kwa sababu ya diski moja iliyolegea waya.

Sehemu ya tano huhusu programu ya zamani ya kunakili, na siku hizi aghalabu huwa 0. Ya sita huonyesha zamu ya ukaguzi wa mafaili wakati wa kuwasha: 1 kwa diski ya mzizi, 2 kwa nyinginezo, na 0 kwa isiyokaguliwa.

Faili hili huhaririwa na msimamizi wa kompyuta, naye hupaswa kwanza kulinakili kama tahadhari. Akimaliza, asizime mashine na kutumaini. Amri findmnt --verify hukagua maandishi, na mount -a hupachika yote yaliyoandikishwa. Kosa la herufi moja ni bora lionekane wakati mashine ingali inafanya kazi kuliko asubuhi ya siku ya mtihani.

KUFUNGA MLANGO WA UDANGANYIFU

Ingawa nofail huiokoa kompyuta, huurudisha ule mkasa wa folda tupu: mashine huwaka vizuri na diski haipo. Kwa hiyo dawa ya kwanza haina budi kufuatana na ya pili. Wakati diski haijapachikwa, msimamizi hutoa amri hii:

chattr +i /masomo

Tangu hapo folda hiyo, katika mfumo wa ext4, haipokei faili lolote. Diski ikipachikwa, kufuli hilo hufunikwa pamoja na folda, na kazi huendelea kama kawaida. Diski ikikosekana, mwanafunzi anayejaribu kuhifadhi kazi yake huambiwa kwamba haiwezekani. Atalalamika, naye mwalimu atatafuta sababu siku hiyo hiyo. Heri mashine inayokataa kuliko inayopokea na kuficha.

Kwa nakala za usiku, programu na ianze kwa amri mountpoint -q /akiba, ambayo hujibu kama kweli pana diski hapo. Jibu likiwa la, kunakili kusimame na msimamizi apewe taarifa.

KUONDOA KWA UTARATIBU

Mtu anapohifadhi faili, kompyuta huliweka kwanza katika kumbukumbu yake ya muda, kisha huliandika katika diski baadaye kidogo. Hivyo ndivyo inavyopata wepesi. Flashi ikichomolewa ghafula katika muda huo, sehemu ya kazi hubaki nje. Mfumo wa ext4 huweka daftari la mabadiliko linaloulinda mpangilio wa mti usiharibike, lakini maneno ambayo hayakufika katika diski hayawezi kurejeshwa na daftari hilo. Amri umount humalizia kwanza maandishi yote, kisha huitenga diski. Ikikataa kwa kusema kifaa kina shughuli, maana yake ni kwamba kuna programu ingali inalitumia faili lililomo. Nayo ifungwe kwanza.

HITIMISHO

Yafaa ikumbukwe kwamba jina la mahali si chombo chenyewe. Kuiona folda ya /masomo si ushahidi kwamba diski ya masomo ipo, kama vile kuona shina lililofungwa kamba si ushahidi kwamba kikonyo kimeshika. Mkulima hurudi kutazama kama chipukizi limetoka. Mwenye kutunza kazi za wanafunzi naye ana wajibu wa kurudi kutazama.

MAZOEZI

1. Toa amri findmnt katika kompyuta ya Linux. Chora mti wa mafaili na uonyeshe kila pahali pa kupachikia kwa rangi tofauti.

2. Kwa msaada wa mwalimu, tengeneza folda /jaribio na uweke humo faili moja. Pachika flashi juu yake, orodhesha yaliyomo, kisha iondoe na uorodheshe tena. Eleza ulichokiona.

3. Kwa nini kuhamisha faili kubwa ndani ya diski moja huchukua muda mfupi sana, ilhali kulihamisha hadi diski nyingine iliyopachikwa huchukua muda mrefu?