Majuto ya Choki Iliyong'olewa

Ukitaka kujua kama gari la zamani limeng'olewa choki, huna haja ya kufungua boneti. Amka saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba, pale Njombe mjini kwenye baridi ya milimani, utulie usikilize. Stata italia, injini itashika kidogo kisha itazima. Stata italia tena. Dereva atakanyaga mafuta mara tano, mara sita, harufu ya petroli itajaa uani, betri itaanza kuishiwa sauti, na mwishowe utasikia: "Vijana, hebu njooni tusukume."

Saa nane mchana gari hilo hilo ukigusa ufunguo tu linawaka. Hapo ndipo mkanganyiko wote unapoanzia. Choki hung'olewa mchana, gereji, injini ikiwa imeshazunguka mjini na kupata moto, kwa hiyo baada ya kuing'oa hakuna kinachoharibika. Gari linawaka, linavuta vizuri, fundi analipwa, mwenye gari anaondoka akiwa na furaha. Bili ya kazi ile inakuja alfajiri ya baridi, pengine miezi mingi baadaye, na mara nyingi anayeilipa ni mtu aliyenunua gari Dar es Salaam na kulipandisha milimani bila kujua kilichokatwa.

Mafundi wengi wa leo wamekulia kwenye magari ya EFI, yanayopimiwa petroli na kompyuta, na si lawama kwao kwamba hawajawahi kuvuta choki. Tuieleze basi. Ndani ya silinda petroli ya majimaji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake ukiwa umechanganyika na hewa. Injini ikishapata moto, uzani wa hewa kama 14.7 kwa 1 ya petroli unatosha kuiunguza yote. Lakini petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi, zile nzito husubiri mpaka karibu 200. Asubuhi ya baridi ni hizo nyepesi tu zinazogeuka mvuke; nyingine zote zinaganda kama umande kwenye kuta za manifodi na hazifiki kwenye plagi zikiwa na faida. Dawa yake ni kumimina petroli nyingi kupita kawaida, ili hata kile kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe kushika moto. Kazi hiyo ndiyo ya choki: kibati cha duara kwenye mdomo wa kabureta kinafungwa, hewa inabanwa, mvuto wa pistoni unahamia kwenye jeti na kuvuta petroli kwa nguvu.

Kwenye Land Rover za Series dereva anakifunga kibati hicho mwenyewe kwa kuvuta kitufe chenye waya. Volkswagen Beetle za miaka ya 1960 na 1970 zinajifungia zenyewe: ubavuni mwa kabureta ya Solex kuna kasha la mviringo lenye springi ya metali mbili zilizobandikwa pamoja, na waya wa umeme unaoipasha moto. Unakanyaga mafuta mara moja kabla ya kuwasha, kibati kinajifunga, kisha springi ikipata joto inakifungua pole pole. Mini na MG za kabureta ya SU hazina kibati kabisa. Ukivuta choki, jeti inashuka na kuacha nafasi zaidi kuzunguka sindano. Weber za mashindano, zile za DCOE, zina njia yao ndogo ya pembeni ya petroli ya kuwashia. Miundo minne, haja ile ile moja, na hakuna hata mmoja kati ya wabunifu hao aliyeweka kifaa hicho kama pambo.

Kwa nini basi watu wanaking'oa?

Pwani sababu inaeleweka. Mtu wa Tanga au Mombasa anaweza kukaa mwaka mzima bila kugusa choki, na kifaa kisichoguswa katika hewa ya chumvi hushika kutu. Kinaganda kikiwa nusu kimefungwa, gari linaanza kutoa moshi mweusi na kunywa mafuta, na mazungumzo ya gereji yanafuata njia inayojulikana.

"Mzee, hii choki ndiyo inakumalizia mafuta. Tuitoe tu, huku kwetu haina kazi."

"Una uhakika, kijana wangu?"

"Mzee, Dar kuna baridi?"

Swali zuri hilo, na mzee hana jibu. Ila kilichokuwa kinakunywa mafuta ni waya ulioganda au springi iliyochoka. Choki haikuwa na kosa. Dawa yake ni matone kumi ya oili na nusu saa ya kurekebisha. Kwenye Beetle mara nyingi tatizo ni dogo zaidi: waya wa umeme wa lile kasha umechomoka, springi haipati joto, kibati hakifunguki. Kuurudisha hakuhitaji hata spana.

Kuna na wale wa mbio. Wanasema kibati na fimbo yake vinaziba hewa, na ukivitoa gari linapata nguvu. Kwenye injini ya mashindano inayozungushwa hadi mwisho, hoja hiyo ina ukweli kidogo. Kwenye Peugeot 504 ya kwenda kanisani na sokoni sioni ukweli wowote. Na 504, kwa taarifa ya vijana, ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Heshima ya gari lile ilitokana na uimara wake, na aliyelirithi kwa babu hahitaji kulichonga ili lifike kasi ambayo hata hivyo hatalikimbiza nayo.

Madhara yake hayaishii kwenye kusukumwa. Angalia kwa karibu kabureta iliyong'olewa choki na utaona matundu mawili madogo, moja kila upande, pale ilipopita fimbo. Fundi makini huyaziba. Asiye makini huyaacha, na kwa kuwa yako chini ya chujio la hewa, vumbi la barabara ya changarawe linapita humo likiwa halijachujwa na kwenda moja kwa moja kusaga ringi na silinda. Halafu fimbo hiyo hufanya kazi na kipande chenye ngazi ngazi, kinachoinua sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, injini ikiwa ya baridi. Kikiondoka nacho, injini ikiwaka haitulii. Mguu ukiutoa inazima, kwa hiyo dereva anakaa dakika tano ameikanyaga huku akichungulia saa.

Baya kuliko yote ni yale yanayobuniwa badala ya choki. Kupampu mafuta kwa mguu kunarusha petroli ya majimaji, inayolowesha plagi, inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye sampo, ambako inaifanya oili iwe nyepesi kama chai. Wengine wanamwagia petroli kwenye mdomo wa kabureta kwa kizibo cha chupa. Injini ikipiga kinyume, moto unatokea juu, na aliyeinama ndiye anayeupokea usoni. Wazee wa gereji wana njia yao: mmoja anapiga stata, mwingine anaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja. Inafanya kazi, sikatai. Lakini kiganja hicho sasa ndicho choki, na tofauti yake na kibati ni kwamba kibati hakina ngozi ya kuungua.

Wenyeji wa milimani wana hoja nyingine ninayoisikia mara kwa mara, nayo si ya kijinga. Wanasema juu kule hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta tayari inatoa petroli nyingi kuliko hewa, choki ya nini? Ni kweli kwamba Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Hilo linahitaji jeti ndogo zaidi. Kwa baridi halisaidii chochote. Petroli iliyoganda kwenye ukuta wa manifodi haijali kama hewa ni nyepesi au nzito, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto huko hushuka chini ya nyuzi 10.

Hata EFI haikuiua choki. Kompyuta inasoma joto la maji ya injini na, ikiona baridi, inaacha nozeli wazi kwa muda mrefu zaidi ili petroli iongezeke. Dereva haoni kitu, anadhani gari lake halina choki. Na asiyeamini amtazame mwendesha bodaboda wa Makambako au Makete alfajiri: kidole gumba kinashusha kile kitufe cha kabureta kabla ya kupiga kiki, na akishafika barabarani anakirudisha. Hakuna fundi aliyewahi kumshawishi akikate.

Kwa ambaye gari lake limekwisha kukatwa, habari si mbaya sana. Kama kilichotolewa ni kibati, fimbo na waya tu, vinaweza kurudishwa ukipata kabureta chakavu ya aina ile ile ya kunyofolea vipuri. Kama mdomo wa kabureta umekatwa kwa msumeno, na wapo waliofanya hivyo, utalazimika kutafuta kabureta nyingine kamili, nayo kwa magari haya haipatikani kila duka.

Na wewe ambaye gari lako bado ni zima, fundi akisema choki itolewe, mwambie abadilishe waya, apake oili, arekebishe springi. Akishikilia kwamba lazima itoke, basi kila skrubu na kila kibati viingie kwenye kopo, kopo lifungwe, na ukiliuza gari uliuze pamoja na kopo lake.